Risala ya Wanachuo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuwasha Mkongo Chuoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wetu na wanachuo wenzetu,

Shikamooni, na karibuni sana.

Sisi wanachuo wa kilimo na mifugo tunakushukuru kwa kufika. Kando ya barabara ya vumbi uliyopita ndiko ulikozikwa mkongo, yaani waya wa intaneti, unaokuja kuuwasha leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkongo wa Taifa, njia kuu ya intaneti nchini, ulipita barabara kuu wengi wetu tukiwa bado shule ya msingi. Nyaya za baharini nazo zilishafika Dar es Salaam: SEACOM mwaka 2009, na EASSy ikaanza kazi mwaka 2010. Hata TERNET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti nchini, uliundwa mwaka 2008. Vyote vilikuwapo. Kilichokosekana ni kipande cha kutoka barabara kuu hadi hapa, na kipande hicho kimetugharimu miaka.

Tulitegemea dishi. Setilaiti yake iko juu kilomita 36,000 hivi. Swali lipande na kushuka, jibu nalo lipande na kushuka, nusu sekunde imekwisha, na chuo kizima kinagombania njia hiyo moja nyembamba. Wengine tulinunua bando la usiku, tukakesha chini ya mwembe ulio juu ya zizi, maana hapo ndipo simu hushika mtandao.

Mwaka jana mzee mmoja jirani alituletea ndama mwenye homa, tezi zimevimba. Tulichukua sampuli ya tezi, tukaitazama kwenye hadubini, tukashuku ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Mkufunzi alitaka mtaalamu wa maabara aione picha kabla ya kuamua dawa. Picha ilianza kupanda jioni. Hadi alfajiri picha ilikuwa haijafika, na ndama alikuwa amekufa. Siku ya kuchimba mtaro mzee yule alikuja na jembe lake, akachimba nasi mpaka jua likazama. Yupo hapa leo, na tunaomba asimame umwone.

Wiki iliyopita, wakati wa majaribio, tulituma picha ya aina ileile. Ilifika kabla mkufunzi hajaweka simu sikioni kuuliza kama imefika.

Kupitia TERNET sasa tumeungana na UbuntuNet Alliance, muungano wa mitandao ya aina hiyo wenye makao yake Lilongwe, Malawi, na kwa njia hiyo na vyuo vya nchi jirani na vya Ulaya. Tutasoma majarida ya kilimo yanayopatikana kupitia AGORA, mpango wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, bila kuhesabu megabaiti. Tunaandaa pia kujiunga na eduroam, huduma ya Wi-Fi inayotumiwa kwa pamoja na vyuo vingi, ili mwanachuo wetu akienda mafunzo kwa vitendo katika chuo kingine kilichojiunga, atumie nywila yake ileile ya hapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuombi kompyuta. Zilizopo, ingawa chache, zinafanya kazi. Tunachoogopa ni umeme: ukikatika, mitambo ya mkongo inazima, na hapa kwetu hukatika mara nyingi msimu wa mvua. Tunaomba sola na betri kwa ajili ya chumba cha mitambo peke yake. Tunaomba pia fundi mwajiriwa, anayelala hapahapa chuoni, kwa kuwa wa kuitwa kutoka mjini hufika baada ya siku tatu. Na ada ya mwaka ya mtandao iwekwe kwenye bajeti, isigeuzwe mchango wa wanachuo. Wapo kati yetu ambao wazazi wao wameuza mbuzi ili walipe ada ya muhula huu.

Ombi letu la mwisho ni la majirani. Shule ya sekondari ya kata iko ng'ambo ya uzio wetu, na mtaro ule wanafunzi wake walichimba pamoja nasi. Tunaomba utusaidie kupata kibali ili nao wafikiwe.

Fundi yuko chumba cha mitambo, anasubiri neno lako.

Tunaomba kuwasilisha.