Tunahama jumamosi, soma mpaka mwisho tafadhali

Habari za jioni wafugaji wenzangu, poleni na majukumu. Kama tulivyopiga kura, tunahamia Telegram jumamosi hii saa 2 usiku. Sababu mnazijua, hapa WhatsApp mwisho watu 1,024 na tumeshajaa, mtu mpya akiomba kuingia namwambia asubiri mwingine atoke, halafu akiingia haoni majibu ya mwaka jana anauliza upya chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, inatolewa lini, tumejibu mpaka tumechoka 😅 Kule wanaingia hadi watu 200,000 na mgeni anajisomea ya nyuma mwenyewe.

1. Pakua Telegram mapema, usingoje jumamosi bando likukatikie.
2. Linki nitaiweka HAPA tu. Ukitumiwa inbox na mtu anajiita admini usibonyeze, na ile namba ya uthibitisho (code) ya kujisajili usimpe mtu yeyote, hata mimi.
3. Ukishaingia nenda mipangilio ya faragha ufiche namba yako, yale ya akina dada kupigiwa simu usiku sitaki kuyasikia tena jamani.

Picha za magonjwa na voice za daktari hazihami zenyewe, mwenye nazo azitunze. Hapa hatufungi mpaka mwisho wa mwezi.

Natafuta pia watu wawili wenye subira wawasaidie wazee wetu kujisajili, nani yuko tayari?

Ukisoma jibu NIPO kabla ya alhamisi saa 4 usiku, ukikwama andika NIMEKWAMA nitakupigia.