Bi harusi wetu si wa kwenye TV

Mhariri,

Assalaam alaykum. Kuna bwana wa Wete kaandika humu wiki ilopita kwamba vijana wa Pemba hawaoi kwa sababu mabibi harusi wa skuhizi ni madikteta, na ushahidi wake ni kile kipindi cha Marekani cha mabibi harusi wakali, Bridezillas, maana vipande vyake anatumiwa kwenye simu. Mie nataka nimjibu.

Hicho kipindi kilianza huko kwao 2004 na biashara yake ni hasira, bi harusi mpole hana soko. Vipindi vya aina ile wanarikodi masaa na masaa, mtu kachoka, hajala, halafu wanakatakata, neno la asubuhi linaungwa na uso wa jioni, muziki wa kutisha juu yake, basi mtoto wa watu keshakuwa jini. Tena kule mara nyingi bi harusi ndo anohangaika mwenyewe na gauni, maua, keki na ukumbi, sasa keki ikichelewa asipige kelele yeye apige nani?

Kwetu mwari, yaani bi harusi mtarajiwa, anakaa wapi? Siku ya singo, ile ya kusuguliwa mwili kwa manukato, kakalishwa mkekani, kasingwa mpaka shingoni, somo yake, mwanamke anomfunza mambo ya ndoa, keshamwambia asinyanyue uso, akiwa na kiu ananong'ona, na chupa ya maji mtu mwengine ndo anamshikia kwa sababu hina na piko, ile rangi nyeusi, hazijakauka mikononi. Ndoa nayo inafungwa msikitini baina ya walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa, na mume, yeye yuko ndani anasubiri kusikia vigelegele. Huyo ndo dikteta?

Wanodai wapo, sikatai hata kidogo. Shangazi anataka sare mpya ya ukumbini na ile ya siku ya hina bado haijalipwa. Mama mdogo kafungua sanduku lilotoka kwa mume kapekua mpaka chini, kisha anauliza mbona la binti fulani lilikuwa na dhahabu. Halafu ile kamati ya WhatsApp, wallahi, watu wanapanga ukumbi wa mamilioni na mwari hata kwenye grupu hayumo! Na nyie upande wa mume msijitoe, msururu wa magari na beni mnautaka nyie. Nimeshamsikia binti kaulizwa mahari akasema msahafu na mswala, walonuna walikuwa watu wazima.

Hapo kwenye mahari ndo bwana wa Wete kanikera hasa, kaiweka fungu moja na keki na mapambo. Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, Suratun Nisaa aya ya 4 imeamrisha wanawake wapewe mahari yao, si ya baba wala ya shangazi, kwa hiyo akiitaja hajakosa adabu.

Ombi langu, mhariri, msimu huu wa harusi wa Mfunguo Mosi, mwezi baada ya Ramadhani, mtumeni mwandishi wenu akasimame Darajani huko mjini Unguja au hapa Chake kwenye maduka ya vitambaa, pale panapopimwa sare na watu wanagombana kuhusu rangi, aangalie wanogombana ni kina nani. Bi harusi hatomuona, huyo kafungiwa ndani anasingwa.

Mama wa mabinti,
Chake Chake, Pemba