Mwanangu, niliona kifuniko kilipoanguka

Mwanangu,

Jumapili kifuniko cha sufuria kilipoanguka jikoni uliruka mpaka ukutani, ukabaki umeukumbatia, jasho limekutoka puani. Halafu ukacheka, ukasema umeteleza. Sikukuuliza mbele ya wadogo zako.

Tangu ile ajali ya Salgaa, lori likifunga breki usiku nasikia kitanda chako kikilia. Uliniambia mara moja tu kwamba unaweza kuwa unanawa uso, mara uko tena ndani ya matatu ile, na harufu ya dizeli imekujaa. Ukaniuliza kama unarukwa na akili.

Hurukwi na akili. Mimi nayajua hayo.

Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, moshi ulipotanda Nakuru, nilikubeba mgongoni hadi uwanja wa maonyesho, tukalala huko na maelfu ya watu. Februari 28 viongozi wakatia saini mkataba, watu wakaanza kusema yamekwisha. Mwili wangu haukusikia. Miaka mingi, jirani akichoma taka zenye kipande cha tairi, moyo ulienda mbio, mikono ikawa baridi, macho yakatafuta mlango. Nikaambiwa nisahau. Nilipozifukuza picha zile mchana, ziliningoja usiku. Baba yako hakujua, na kumficha ndiko kulikonichosha zaidi.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenifungua macho. Alisema ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, amigdala, inayopiga kamsa kabla hujawaza lolote. Ikishatishika sana, harufu tu au mlio unatosha kuiamsha: adrenalini inamwagika, moyo unadunda, misuli inakaza. Mwili unakukinga na hatari iliyokwisha pita.

Kamsa hiyo ikikujia, kanyaga sakafu kwa miguu mitupu. Taja kwa sauti vitu unavyoviona, hata kama ni kikombe na ndala. Toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta. Mimi hushika ukingo wa meza yangu ya mboga mpaka niusikie ubao.

Lakini hayo ni ya kukuvusha tu. Mwezi umepita, na dalili zikivuka mwezi inafaa mtu amwone mtaalamu. Kuna matibabu: unaisimulia ajali kidogo kidogo, ukiwa na mtu anayejua kukushika mkono, hadi iwe jambo lililopita.

Alhamisi sifungui kibanda. Tutapanda matatu au tutatembea, wewe uchague. Ukitaka kuingia kwa mshauri peke yako, nitakaa kwenye benchi nje.

Mama yako