Barua kwa mwanangu aliyekwenda likizo na chupa ya mvua

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili usiku, Desemba 2025

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Bibi hajambo, na miguu yake je? Sisi huku wazima, ila mdogo wako kila akisikia geti linalia anakimbia mlangoni akidhani dada karudi. Barua hii nampa konda wa basi la Mvumi pamoja na kifurushi: sukari kilo mbili, chumvi, sabuni ya mche na dawa ya bibi ya kuchua. Karanga ni zako, lakini ukizila peke yako nitapata habari. Ndani ya mfuko wa karanga kuna karatasi imekunjwa mara nne. Unaijua. Niliikuta Jumamosi ndani ya debe la unga, chini kabisa, nilipokuwa nachota wa kusongea ugali. Mama, ungeificha kwenye debe la mchele ingekaa salama mpaka Krismasi.

Nilikasirika, nisikudanganye. Tutaifikia hiyo karatasi. Kwanza nikupe habari za Ijumaa, maana ninyi watoto mlitolewa nje kabla mambo hayajanoga, na mjomba wako alivyo na haraka zake mkawa mmeshapanda basi.

Asubuhi ile genge nilimwachia jirani. Nikafika shuleni nikakuta madawati yote nje, yamesuguliwa kwa majivu, yanaanikwa juani kama dagaa. Watoto wa darasa la tatu walikuwa wanahesabu vitabu na mwalimu wa zamu, kimoja hakionekani, na kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Muheme wa darasa la sita, ile ngoma yetu ya Kigogo, ulikuwa mzuri. Wale wasichana wameishika ile ngoma sawasawa, wanaibana kwa magoti, mikono inapiga kama ya watu wazima. Wewe ulikuwa unapiga makofi nje ya mdundo. Hilo umelirithi kwa baba yako.

Halafu mkaitwa darasa la nne kuonyesha kazi zenu za mwaka. Nilijua una zamu, lakini hukuniambia unakwenda kusema nini. Nikakuona unapanda juu ya tofali, manila umeishika mbele ya uso hadi mwalimu akakuambia uishushe. Sauti ilikuwa ya chini. Ukasema mmepima bati la darasa lenu kwa kamba, urefu mita 9, upana mita 7. Ukasema milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 juu ya bati lile ni lita 630. Ukageuza manila: madumu 31 na nusu ya lita ishirini. Ile nusu uliichora kabisa, dumu la njano limejaa hadi katikati.

Mzee aliyekaa pembeni yangu, yule mwenye kofia ya baraghashia, akanigusa kiwiko. "Kasema madumu mangapi?"

Nikamwambia. Akatazama juu kwenye bati, kisha chini pale maji yanapodondokea, pale kwenye mfereji uliochimbwa na mvua zenyewe unaokula msingi wa darasa kila mwaka. Hakusema kitu. Wewe ukaendelea: Dodoma mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570, na hiyo kwa bati la darasa moja ni lita 35,910. Mwalimu akadakia kwamba si zote zingefika kwenye tanki, nyingine humwagika na nyingine hukauka juu ya bati la moto. Ukasema, "Ndiyo mwalimu, lakini hata nusu." Kisha ukasema, "Sisi kila siku tunakuja na vidumu," ukashuka kwenye tofali. Hukusubiri hata kupigiwa makofi.

Basi mlipoondoka tukaingia kikaoni. Mkuu wa shule alianza na habari zenu ninyi wa darasa la nne. Mlipoingia darasa la tatu mwaka 2024 mlianza na mtaala mpya, kwa hiyo ninyi mtamalizia darasa la sita, mwaka 2027, na mwaka huohuo walio mbele yenu watamaliza la saba. Madarasa mawili yatatoka kwa pamoja. Mama mmoja akauliza kama nafasi za kidato cha kwanza zitatosha kwa wote. Akajibiwa maandalizi yanaendelea. Alikaa, ila hakuonekana kushiba. Matokeo ya upimaji wenu wa Oktoba tuyasubiri mwakani. Baada ya hapo ikaja habari ya uji, na habari ya uji unaijua, ilikula nusu saa nzima. Kuna mzazi anadai mwanawe hanywi uji, kwa nini achangie mahindi.

Karibu na kufunga, yule mzee wa baraghashia akanyoosha mkono. "Mimi nauliza tu. Yule binti kasema madumu thelathini. Kwa nini basi hatuna gata?" Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema ni wazo zuri, liandikwe kwenye mengineyo, tutalijadili Januari.

Mwanangu, unajua mimi vikaoni. Nakaa nyuma, nasaini mahudhurio, naondoka. Sijui ni nini kilininyanyua. Nilisimama nikasema, "Mwenyekiti, mvua haisubiri Januari. Shule inafungwa sasa ndipo mvua zinaanza. Tukikutana Januari tutakuwa tumeshamwaga nusu ya hayo madumu." Sauti yangu nayo ilikuwa ya chini. Kumbe hilo umelirithi kwangu.

Pakawa na kelele kidogo. Mkuu wa shule akarudia mara tatu kwamba elimu ni bila malipo tangu 2016, kwamba mchango wowote ni wa hiari na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ajili ya gata. Nilifurahi kumsikia. Mimi nilirudishwa kwa ada mara mbili, nikiwa na sare mpya iliyoshonwa kwa taabu, na ada yenyewe ilipofutwa mwaka 2001 nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka hata kona ya barabara niliyokaa nikisubiri muda wa kutoka shule ufike ili majirani wasijue. Kwa hiyo neno "mchango" likitajwa shuleni tumbo langu hukaza hata kama nina hela mfukoni. Lakini niliandika jina langu, shilingi elfu tano. Baba mmoja ambaye ni fundi bati akasema atafunga bila malipo, aletewe tu vifaa. Mwingine ana mapipa mawili ya lita mia mbili mia mbili. Simtanki hakuna, hela haitoshi hata kwa kulitazama dukani. Ni gata za darasa moja na mapipa mawili, na mapipa mawili yatajaa kabla mvua ya milimita 10 haijaisha. Ulishawahi kufanya hesabu hiyo? Mimi niliifanya njiani narudi.

Wakati natoka mtu akasema, "Huyu ndiye mama wa yule mtoto wa mvua." Nilitembea taratibu ili nisikie tena, hawakurudia.

Sasa ripoti. Wewe ni wa 37 kati ya 92. Jiografia na Mazingira 44, hiyo ni A. Sayansi 38. Kiswahili 40, umeiacha A kwa alama moja, nadhani ni zile herufi kubwa zako zinazotokea katikati ya neno bila kuitwa. Sanaa na Michezo sawa. Historia ya Tanzania na Maadili sawa. Hisabati 19 kati ya 50, D. Maoni ya mwalimu: "Anaweza, aongeze bidii." Maoni hayo nadhani yameandikwa kwenye ripoti 60 kati ya hizo 92.

Nilipoikuta karatasi hiyo ya mtihani wa Hisabati kwenye unga niliikung'uta nikakaa nayo jikoni. Sikutazama alama nyekundu, nilitazama mwandiko wako. Swali la kumi na moja: 12 + 4.5. Wewe umeandika 5.7. Nikaona ulivyofanya. Ile 12 umeisukuma kulia mpaka 2 yake ikakaa chini ya 5, na 1 yake chini ya 4, halafu ukajumlisha kama kawaida. Hapo ndipo niliposhangaa, kwa sababu namba hizo nilishaziona mahali.

Nikachukua daftari lako la mvua pale juu ya kabati, lile lililoisha, unaloandikia kila siku milimita za kwenye chupa yenu ya kupimia mvua. Nikafungua Machi. Jumatatu 12, Jumanne 4.5, pembeni umeandika jumla: 16.5. Sawasawa kabisa. Hakuna aliyekusaidia, maana siku hiyo nilikuwa sokoni na mwandiko ni wako, hata tone la chai yako lipo. Namba zilezile, mwanangu. Machi umepata 16.5, mwishoni mwa mwaka umepata 5.7. Umeongeza maji kwenye chupa yakapungua!

Nimelifikiria hili tangu jana, hata nyanya nilikuwa nazipanga nikiliwaza. Nadhani kwenye daftari ulijua kwamba 12 ni mvua. Uliiona ndani ya chupa, ulipiga magoti ukaweka jicho usawa wa maji. Usingekubali iwe 5. Kwenye mtihani 12 ilikuwa 12 tu, ya mtu mwingine, na kengele inakaribia. Mimi pia chenji sikosei, hata genge likijaa watu, lakini nipe hesabu hiyohiyo kwenye karatasi ya benki, mikono inatoa jasho. Basi sikwambii D ni kitu kizuri. Si kizuri, na Januari tutakaa na mwalimu wako mimi na wewe. Ila ukikuta swali lina namba zisizo na kitu nyuma yake, wewe zitie maji.

Daftari lile nililisoma lote, usiku huo sikulala mapema. Kuanzia Mei ni sifuri. Juni sifuri. Julai, Agosti, Septemba, sifuri, sifuri, sifuri, kila siku kwa mwandiko ule ule, mpaka likizo ya Juni ulikuwa unakwenda shuleni kutazama chupa kavu. Nakumbuka uliporudi unalia kwa sababu wenzako wanakuita Mama Sifuri, na mwalimu akakuambia usiache nafasi wazi, kwa sababu nafasi wazi maana yake hukutazama, na sifuri maana yake ulitazama hukuta kitu. Wakati ule niliona ni maneno ya kumnyamazisha mtoto. Nimebadili mawazo.

Nimefurahi mwalimu amekuruhusu uondoke na kipima mvua. Kingebaki shuleni kingepima likizo peke yake. Sasa sikiliza: usikiweke chini ya mwembe wa bibi wala karibu na ukuta, kiwe mahali peupe. Wala usikiweke juu ya tembe ya zamani eti kwa sababu paa ni tambarare, mbuzi hupanda pale. Zungushia miiba. Mchanga wa chini usiutoe, ndio unaokishika kisianguke, na ile alama ya sifuri uipake tena wino, ilikuwa inafutika. Saa tatu asubuhi kama mlivyofundishwa, hata kama bibi kakutuma. Mwambie bibi nimeomba mimi.

Lakini ukishasoma, jembe. Bibi anataka uwele uingie ardhini kabla ya mvua kubwa, na mjomba wako akiachiwa mwenyewe ataberega, akwangue juu juu tu bila kukatua, shamba zima ndani ya siku mbili kisha aseme kalima. Msaidieni bibi kukatua hata robo yake. Na kila asubuhi salamu ya mbukwa kwanza, ndipo mengine, usije ukampita bibi kama mtoto wa mjini. Mlenda ukipikwa kula, usiniaibishe.

Karatasi ya mtihani irudie yote kwa penseli. Nimekuongezea swali moja nyuma. Bati la nyumba mpya ya bibi lina mita 6 kwa 4, mjomba alilipima mwenyewe wakati wa kuezeka. Ikinyesha milimita 12.5, ni madumu mangapi ya lita ishirini? Jibu nampigia bibi Jumapili kulichukua, na usimuulize mjomba.

Huku jana usiku yalidondoka matone kidogo. Nilisikia kwenye bati nikakumbuka chupa haipo, nikatoka na sufuria nikaiweka katikati ya uwanja. Asubuhi saa tatu nikaenda na rula yako kupima, nikakuta kuku wa jirani kaingiza kichwa chote anakunywa.

Niandike ngapi?

Mama yako