Ganzi ya usiku wa pili

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Kovu limebaki uzi tu shingoni, na sauti imerudi ileile unayosema ni ya kugombeza.

Umeniuliza habari za kutolewa tezi ya shingoni, thairoidi. Ya kidonda na ya sauti daktari atakueleza. Mimi nina moja tu, kalsiamu, kwa sababu nilielezwa, nikaitikia kwa kichwa, na iliponijia sikuitambua.

Nyuma ya tezi hiyo kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, na ndivyo vinavyolinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Tezi ikitolewa yote, vinaweza kupata mshtuko kwa kupungukiwa damu, au kimoja kikatoka nayo bila kukusudiwa. Vikizubaa, kalsiamu inashuka. Lakini haina haraka: mara nyingi ni siku ya pili au ya tatu, wakati umeshajiona mzima na unauliza utaruhusiwa lini.

Mimi ilinikuta usiku wa pili. Midomo ilianza kunitambaa kama ina sisimizi, kisha ncha za vidole. Nikasema ni masalio ya dawa ya usingizi, nikavuta shuka. Ukweli ni kwamba nilimwonea haya muuguzi. Nilikuwa nimeshamwita mara tatu kwa ajili ya mto! Alfajiri nikanyoosha mkono nichukue kikombe. Vidole vikabanana, vimenyooka kama vijiti, dole gumba likajilaza kiganjani, kifundo kikapinda, na kukunjua siwezi. Baadaye walipofunga kile kitambaa cha kupimia presha, mkono ukarudia mchezo uleule. Kumbe ni ishara ya tangu karne ya 19, ina jina la daktari Mfaransa, Trousseau. Kalsiamu kwenye damu ilisoma milimoli 1.8 kwa lita, na kawaida huanzia kwenye 2.1 au 2.2. Nikawekewa kalsiamu ya mshipa, polepole, huku moyo ukiangaliwa kwenye mashine.

Kwa hiyo ukihisi ganzi mdomoni, sema palepale, hata kama ni saa nane za usiku. Na kama umesharudi nyumbani, ukaona misuli inakaza, koo linabana au mwili unatetemeka usivyoweza kuuzuia, usipige simu kwangu, nenda hospitali.

Kuhusu vidonge: levothairoksini, dawa ya kuziba pengo la tezi iliyotolewa, utameza asubuhi tumbo likiwa tupu, kalsiamu isubiri mpaka zipite saa nne nzima baada yake. Mimi nilivibugia vyote pamoja wiki nzima, nikidhani naokoa muda, kumbe kalsiamu inazuia ile nyingine isiingie mwilini. Wengine huongezewa kalsitrioli, ambayo husaidia utumbo kuichukua hiyo kalsiamu. Dozi usijipandishie mwenyewe; ikizidi utapata kiu, choo kigumu, hata mawe kwenye figo. Ndiyo maana watakutoboa sindano za vipimo mpaka uchoke.

Vitezi vyangu viliamka baada ya wiki saba. Kwa wengi ni wiki au miezi michache, ingawa wapo wachache wanaobaki na vidonge maisha yote.

Nimeomba ruhusa kazini. Nitakuja kulala kwako siku ya pili na ya tatu. Siku yenyewe ya upasuaji utakuwa umelala fofofo, sina la kukufanyia.

Wako,
yule wa kugombeza