Risala ya Vijana Wapima Mazingira wa Wilaya ya Micheweni kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Waheshimiwa madiwani na masheha,
Walimu wetu, wazazi wetu, ndugu zetu wakulima, wavuvi na akina mama wa mwani,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu Subhanahu Wataala kwa kutukutanisha hapa Konde tukiwa wazima wa afya. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuukubali mwaliko wetu na kuja mwenyewe bila ya kutuma mwakilishi. Kwetu hilo ni jambo kubwa. Wazee wamesema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi wenyeji tumekuja na maradhi yetu. Kwa idhini yako hatutoyaficha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza kama klabu ya mazingira ya skuli, chini ya mwalimu wa Jografia aliyekuwa akitupeleka msitu wa Ngezi siku za Jumamosi na kutufundisha miti kwa majina yake. Tulipomaliza skuli hatukutaka kuachana. Tukachagua kamati, tukajisajili, tukafungua akaunti. Yaliyofuata ni mengi, na kwa kuujali muda wako tunayapita.

Kazi yetu ni kupima. Kisiwa chetu ni kidogo, lakini karafuu, mpunga, msitu, mikoko na mwani vyote vimo, na kila kimoja kinamtegemea mwenziwe. Mvua inayoanguka kwenye vilima vya mikarafuu ndiyo inayoshuka bondeni kwenye mpunga, ikapita mikokoni, ikaishia kwenye majani ya bahari wanakokulia samaki wachanga. Udongo ukichukuliwa juu, huku chini mkulima na mvuvi wote wanaona. Faida hizi ambazo ardhi na bahari hutupatia wataalamu huziita huduma za mifumo ikolojia, na siku hizi dunia nzima inatafuta watu wa kuzipima, kuzifuatilia na kuzitabiri, hasa kwenye ardhi ambayo watu wanalima na kuvuna kila siku, siyo ndani ya hifadhi peke yake.

Mheshimiwa, mafanikio yetu ni makubwa. Tumepima mamia ya miti katika mashamba ya karafuu na katika mikoko. Tunajua kuwa mti wa kawaida hupimwa unene wake kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, na kuwa mkoko wenye mizizi ya juu haupimwi hapo, bali sentimita 30 juu ya mzizi wake wa juu kabisa. Kijana wetu yeyote ataitofautisha miti ya mikokoni, mchu na mlilana, mkandaa na msinzi, hata usiku kwa tochi. Tunasoma vipima mvua. Tunapima chumvi ya maji pembezoni mwa mabonde ya mpunga, maana katika sehemu kadhaa za Pemba bahari imeshaingia shambani. Wenzetu wawili wamepata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na mmoja wao alituambia kuwa mwaka wa kwanza alikuta anafundishwa vitu alivyokwisha kuvifanya kwa mikono yake. Tunathubutu kusema kuwa madaftari yetu ya mvua ni hazina ya taifa.

Sasa, Mheshimiwa, tunaingia kwenye jambo lililotufanya tukuite.

Tunaomba kazi. Siyo kibarua cha mradi wala posho ya semina. Tunaomba nafasi nne za mafundi wa ufuatiliaji wa mazingira kwa Pemba, zenye barua, mshahara na msimamizi, chini ya taasisi yoyote ya Serikali itakayoonekana inafaa, iwe ya misitu, ya kilimo au ya mazingira. Mafundi wawili wawe wa msitu na mikoko, mmoja wa mabonde na mvua, na mmoja wa kompyuta, atakayekusanya takwimu za wenzake na kuzifanyia modeli, yaani hesabu za kompyuta za kukadiria yatakayotokea.

Ombi hili si geni. Tulilisoma mbele ya mgeni rasmi aliyekaa hapo ulipokaa wewe, naye akasimama akasema kuwa nafasi hizo zitaingizwa kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Tulipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Tulipofuatilia tukaambiwa barua haijaonekana. Tukapeleka nakala. Tukaambiwa ofisa mhusika amehamishwa. Mgeni wetu wa mara ya pili alikuwa mpole zaidi, akaahidi angalau posho ya kuanzia, na simu yake ikaita mpaka ikachoka. Hatutaji jina la mtu wala la ofisi, kwani hatukuja kumshitaki yeyote. Lakini risala zote mbili tunazo, zimo ndani ya faili hili hili, na maneno yake hayatofautiani sana na haya unayoyasikia leo.

Huenda ukauliza, Mheshimiwa, kwa nini kazi ya kudumu, na miradi ipo? Tunaomba utuvumilie hapa, maana ndipo penye shida yetu yote.

Takwimu za mazingira zina thamani pale zinapofuatana. Mvua ya mwaka mmoja haimwambii mkulima kitu. Ya miaka kumi inamwambia. Mchukulie popo wetu wa Pemba, ambaye hapatikani pahala pengine popote duniani, na ambaye usiku husambaza mbegu za miti ya msitu. Katika miaka ya 1980 ilihofiwa kuwa anakwisha. Leo wako kwa maelfu kwa sababu vijiji kama Kidike vilikubali kumlinda, na tunajua kuwa wameongezeka kwa sababu kuna watu waliorudi kuwahesabu mwaka baada ya mwaka. Asiyehesabu hajui kama amepata au amepoteza. Mradi, hata uwe mzuri namna gani, una tarehe ya kumalizika. Siku hiyo ikifika gari linarudi bandarini, na kipima mvua kinabaki kinajaa majani.

Wanakuja pia watafiti kutoka vyuo vya nje. Ni watu wema na tumejifunza mengi kwao. Sisi tunawaonesha njia, tunawashikia tepu, tunawatafsiria kwa wazee. Baada ya wiki chache wanaondoka, na takwimu zinaondoka nao. Makala yakitoka jina la kijiji limo, majina yetu hayamo, na sheha anayetaka kujua bonde lake lina hali gani hana pa kuuliza hapa Pemba.

Tumewahi kuambiwa ofisini kuwa satelaiti zimeshaimaliza kazi hii. Kwa heshima zote, hilo si kweli. Satelaiti tunazipenda na tunazitumia. Picha za Landsat ni bure tangu mwaka 2008, na za Sentinel-2, ambayo satelaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, nazo ni bure, huja kila baada ya siku tano, na kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10. Lakini nenda katika shamba la karafuu la Pemba. Mkarafuu, mnazi, mwembe na mfenesi vimechanganyika, na chini yake kuna migomba na muhogo. Ukiangalia kutoka angani, yote hayo ni kijani, na kompyuta itakwambia kuwa ni msitu. Mkulima akikata mikarafuu mikongwe akapanda muhogo kwenye mteremko, picha itachelewa kuonesha, na wakati wa masika, pale udongo unapochukuliwa, mawingu yameziba kila kitu. Lazima awepo mtu chini, mwenye daftari na simu yenye GPS, wa kusema hapa ni msitu na hapa ni shamba.

Modeli nazo ni vivyo hivyo. Unaipa kompyuta ramani ya miti, mteremko, aina ya udongo na mvua, nayo inakadiria maji yatakayofika bondeni, udongo utakaosombwa na kaboni iliyomo mitini. Programu ya InVEST, iliyotengenezwa na Natural Capital Project ya Stanford, hutolewa bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Mmoja wetu ameshaijaribu kwa bonde moja. Lakini ukiipa mvua ya kukisia itakupa jibu la kukisia, na Serikali ikipanga tuta la kuzuia maji ya bahari kwa jibu hilo, fedha za wananchi zitakwenda na maji.

Ujuzi Zanzibar upo, Mheshimiwa. Kuanzia mwaka 2016 visiwa vyetu vilipigwa picha kwa droni, na wanafunzi wa SUZA walikuwa ndani ya kazi ile. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Unguja tangu mwaka 1978. Kizimbani kuna taasisi ya utafiti wa kilimo. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, kipo Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni. Ngazi ya juu ipo. Inayokosekana ni daraja la chini ambalo kijana wa Makangale au Maziwa Ng'ombe ataweka mguu wake. Akianza kama fundi, baada ya miaka michache anakwenda kusoma shahada akiwa na takwimu zake mwenyewe, na anarudi kuwa mtaalamu wa maji, wa misitu au wa picha za satelaiti. Bila daraja hilo, tunapoteza watu. Mpimaji wetu hodari kuliko wote wa mikoko yuko Unguja, anabeba mizigo ya wageni hotelini. Tunamuombea kheri, ana mama na wadogo wa kuwalisha. Daftari lake limesimama pale alipoliacha.

Na kuna wenzetu wa kike. Wamo hodari kutupita, lakini mzazi gani atamruhusu binti yake aingie mikokoni alfajiri kwa jambo lisilo na barua wala mshahara? Wazazi wamo humu, wametuambia wenyewe: ikiwa ni kazi ya Serikali watawaruhusu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utatuwia radhi, leo hatuombi jezi wala saruji. Mabuti ya mpira, tepu na betri tumeanza kuchangishana wenyewe na tutavipata. Tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa usitupe vifaa badala ya jibu. Katika hotuba yako ututajie ofisi moja, mtu mmoja wa kumfuata, na tarehe. Ikiwa nne ni nyingi, tuanzie na mbili. Na ikiwa haiwezekani kabisa, tunaomba tulisikie leo kutoka kinywani mwako, ili vijana hawa wapange maisha yao.

Masika yanaanza Machi, na kipimo cha mvua ya mwanzo hakirudiwi. Tunaomba majibu ya maandishi yatufikie kabla ya mwezi huo. Nakala tatu za risala hii zimegongwa mhuri: moja anabaki nayo sheha, moja iko kwa mwalimu wetu, na hii ya tatu, kwa heshima na taadhima, tunakukabidhi wewe mkononi.

Karibu sana Micheweni. Wabillahi tawfiq.

Katibu, kwa niaba ya Kamati