Kwa nini reli iliipita Nyeri kando

Mpendwa Njoki,

Natumai u mzima pamoja na wa nyumbani. Uliuliza ilikuwaje Karatina na Naro Moru zikapata stesheni za reli ya Nairobi hadi Nanyuki, na Nyeri iliyo mji mkubwa ikakosa. Jibu liko kwenye ardhi yenyewe.

Migongo ya Murang'a na Nyeri huteremka kutoka milima ya Nyandarua kuelekea mashariki, na kila mgongo umetengwa na mwenzake kwa bonde la mto. Huko juu mabonde ni makali, kila moja lingedai daraja lake. Wahandisi wakapita chini, migongo inapolala. Ndiyo maana ukitoka Thika, kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, unashuka hadi Sagana, karibu mita 1,200, ndipo unaanza kupanda mpaka karibu mita 2,000 Naro Moru. Mizigo ya Nyeri ikawa inashukia stesheni ya Kiganjo, karibu na mji.

Kipande cha Nairobi hadi Thika kilifunguliwa 1913. London haikuwa tayari kulipia reli nyingine, basi kwenye hati za serikali kikaitwa tramu, yaani njia ndogo nyepesi isiyohesabiwa kuwa reli kamili. Njia ilifika Nanyuki 1930. Iliwalenga walowezi: mkonge na kahawa za Thika, ngano na ng'ombe wa kule juu. Katikati ilikatiza ardhi ya Wakikuyu, ambao kwa miaka mingi walibanwa wasipande kahawa. Walichoweza kuuza ni mahindi, maharagwe na magome ya mti wa muwati, yaliyokuwa na kiwanda chake Thika cha kutoa dawa ya kusindikia ngozi. Mimi huona hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya njia hii, na mara nyingi linarukwa.

Maana mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ulipowafungulia wakulima wadogo kahawa, viwanda vya kumenyea vilijengwa juu migongoni, karibu na mashamba na maji ya mito. Reli iko chini. Gunia lililoshushwa kwa lori hadi stesheni lingepakiwa upya kwenye behewa, kisha lishushwe tena mwisho wa safari. Barabara zilipotengenezwa, lori lilichukua mzigo mlangoni na kuufikisha moja kwa moja.

Tena reli za matawi ya Kenya zilikuwa nyepesi, nyingi za ratili 50 kwa yadi, yaani kilo 25 hivi kwa mita. Hazibebi injini nzito. Injini za mvuke za Garratt za aina ya 60, zilizoletwa miaka ya 1950, zilitengenezwa ziweke uzito wa tani 11 hivi tu kwa kila ekseli, kwa ajili ya njia kama hizo.

Adui mkubwa wa njia ni maji. Kalvati, yaani mfereji unaopitisha maji chini ya njia, ikiziba, maji huingia chini ya kokoto, udongo unageuka tope, na kila gurudumu likipita tope linasukumwa juu. Taruma, kile kipande kinacholala chini ya reli na kuishikilia, linabaki likining'inia, kiungo cha reli kinazama, na behewa linaruka njia. Palipo na udongo mweusi ni vibaya zaidi: huvimba masika, hupasuka kiangazi, na reli moja inakuwa chini kuliko nyingine.

Mwaka 2020 njia ilifufuliwa, wanajeshi na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) wakishiriki, na treni zikarudi Nanyuki. Kwa hiyo ukienda kuitazama usitembee katikati ya reli. Omba ruhusa stesheni. Beba brashi ya waya: ubavuni mwa reli kuukuu huwa pamechapwa uzito na mwaka ilipotengenezwa. Upana upime kati ya nyuso za ndani za vichwa vya reli, na upime paliponyooka, kwa sababu kwenye kona kali huachwa nafasi zaidi kidogo. Unapaswa kupata milimita 1,000. Anzia Sagana, hapo utauona mteremko na mpando kwa siku moja.

Wasalimie wote.

Rafiki yako,
Mutua